Kila Msimu na Chambo Chake

Wakulima wengi wa Chekalini na sehemu nyingine za Lugari wana shamba la mahindi, ng'ombe mmoja au wawili, na mto usio mbali sana. Kazi ya palizi ikipungua, wazee na vijana huchukua ndoana na kushuka Mto Kipkaren au Mto Nzoia kutafuta kitoweo. Na swali ambalo huulizwa mara nyingi ni hili: Kwa nini chambo kilichojaza kapu mwezi wa Aprili hakimvuti hata samaki mmoja mwezi wa Januari, ijapokuwa mto ni ule ule, ndoana ni ile ile, na mvuvi ni yule yule?

Wengine hujibu kwamba ni bahati tu. Wengine hununua dawa ya kupaka ndoana, na fedha ambazo zingenunua chumvi na sabuni hupotelea mtoni. Makala haya yataeleza kwamba sababu si bahati wala si dawa. Samaki ana njia zake za kutambua chakula. Maji hubadilika kwa majira. Na kila msimu huleta chakula chake. Mtu akiyafahamu mambo haya matatu, anaweza kuchagua chambo kabla hajatoka nyumbani. Tena yatamfaa hata yule asiyevua bali ana bwawa la samaki, kwa sababu humwonyesha wakati wa kuongeza chakula na wakati wa kupunguza.

SAMAKI HUTAMBUAJE CHAKULA?

Njia ya kwanza ni jicho. Maji yakiwa maangavu, samaki huona rangi, umbo na mwendo wa kitu. Huona pia kivuli cha mtu aliyesimama ukingoni, na akikiona hukimbia.

Njia ya pili ni pua na ulimi. Harufu huyeyuka majini na kuchukuliwa na mkondo. Kambale amepewa zaidi ya wengine, kwani ana sharubu nane kinywani. Sharubu hizo si pambo. Kwa hizo hupapasa na kuonja tope usiku wa giza, kama vile mtu apapasavyo ukutani akitafuta mlango.

Njia ya tatu ni mtikisiko. Ukimtazama samaki ubavuni utaona mstari mwembamba utokao karibu na kichwa mpaka mkiani. Kwa mstari huo samaki husikia maji yakitikiswa na mdudu anayetapatapa au na samaki mdogo anayeogelea, hata kama hamwoni.

Basi chambo chema ni kile kinachosema na samaki kwa njia iliyo wazi wakati huo. Katika maji meusi ya tope, chambo kizuri kwa macho lakini kisicho na harufu wala mtikisiko ni kama barua iliyoandikwa vizuri ikaletwa kwa kipofu.

Jambo jingine la kukumbuka ni joto. Mwili wa samaki hauna moto wake kama wetu. Joto lake hufuata joto la maji. Maji yakipoa, tumbo lake husaga chakula polepole na hamu yake hupungua. Maji yakipata joto la kiasi, hula kwa wingi. Lakini yakizidi kuwa ya moto, hewa iliyomo majini hupungua, na samaki hujificha kwenye kilindi au kivuli hata jua lipungue. Ndiyo sababu katika siku za jua kali yafaa kuvua alfajiri na jioni.

MFANO KUTOKA MAREKANI NA NAIVASHA

Ili tuelewe vizuri, tuchukue mfano wa samaki mmoja ambaye wavuvi wa ng'ambo wamemchunguza sana. Samaki huyo ni wa Marekani, naye huitwa besi mweusi. Huko watu humvua kwa chambo bandia: vijiko vya chuma vinavyong'aa, samaki wa mti waliopakwa rangi, na minyoo ya mpira.

Marekani kuna majira manne, na mvuvi wa huko hubadilisha chambo kwa kila majira. Baridi inapokwisha na maji kupata joto la digrii 15 hivi na zaidi, besi dume husogea penye maji machache na kuchimba kiota. Wakati huo huuma hata kama hana njaa, maana hukifukuza kila kitu kinachokaribia mayai yake. Kwa hiyo chambo kinachopitishwa karibu na kiota hupigwa upesi. Wakati wa joto kali samaki hushinda kilindini, hupanda juu asubuhi na jioni, na chambo kinachoelea na kupiga kelele juu ya maji humvuta. Kabla ya baridi kurudi, hufuata makundi ya samaki wadogo, na kijiko cheupe kinachomeremeta kama samaki hao hufanya kazi vizuri. Katika baridi yenyewe hulala chini, hataki kukimbiza kitu, na ni chambo kidogo tu kinachovutwa polepole kitakachomfungua kinywa.

Samaki huyu aliletwa katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya watu waliopenda kuvua kwa mchezo. Naivasha hakuna theluji wala baridi ya Marekani. Maji yake hayageuki joto sana kati ya Januari na Julai. Je, chambo kilibaki kimoja mwaka mzima? La. Chakula na usafi wa maji ndivyo vilivyotawala. Mwaka 1970 kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao ni Marekani pia, waliingizwa katika ziwa hilo. Mgeni akakutana na chakula cha kwao. Besi wakubwa wakaanza kuwala kamba kwa wingi, na mtu mwenye chambo chenye umbo na rangi ya kamba akawa na sababu ya kutegemea. Lakini besi huwinda kwa macho. Udongo unaposhuka ziwani pamoja na mvua, chambo hicho hicho kinaweza kupita karibu naye bila kuonekana.

Fundisho ni hili: ng'ambo majira hutawaliwa zaidi na joto na baridi, kwetu hutawaliwa zaidi na mvua na ukame. Mvuvi wa Chekalini hana haja ya kuiga kalenda ya Marekani. Atazame mawingu na rangi ya mto wake.

MAJIRA YA MTO WETU

Mto Nzoia huanza katika vilima vya Cherangani, hupokea mito ya Mlima Elgon, na kushuka mpaka Ziwa Viktoria. Kipkaren huleta maji ya nyanda za juu za Nandi na Uasin Gishu na kuyaingiza Nzoia. Kwa hiyo mara nyingine maji hugeuka rangi hapa kwetu ijapokuwa mvua haijanyesha kwetu, imenyesha juu. Samaki wanaotafutwa zaidi na wavuvi wa ndoana ni kambale na kuyu, ambaye jirani zetu wa ziwani humwita fwani.

Desemba mpaka Februari: kiangazi. Mto umepungua, maji ni maangavu, na samaki wamekusanyika katika vilindi. Jicho ndilo linalotawala. Mshipi mnene huonekana, na ndoana kubwa hutisha. Tumia mshipi mwembamba, ndoana ndogo, na chambo kinachofanana na vitu vinavyoanguka mtoni wakati huo. Panzi ni chambo kizuri sana, kwa maana nyasi zimekauka na upepo huwatupa majini kila siku. Donge dogo la ugali mgumu humfaa kuyu, kwani yeye hula vitu vya namna nyingi. Kijiko kidogo kinachong'aa nacho hufaa sasa kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu mwanga unafika chini. Simama mbali na ukingo, na kivuli chako kiwe nyuma yako.

Machi na Aprili: mvua za kwanza. Hapa mambo hugeuka ghafula. Mvua ikiloweka ardhi, kumbikumbi hutoka vichuguuni. Watoto hukimbia na vikapu, na akina mama huandaa kikaango, maana tsiswa ni chakula kinachopendwa sana Uluhyani. Lakini si watu tu wanaowangoja. Maelfu ya kumbikumbi huanguka mtoni, na samaki hupanda juu kuwaokota. Wakati huo mtu akizamisha chambo chini kwa risasi nzito, anakipeleka mahali ambapo samaki wameondoka. Ondoa risasi, tunga kumbikumbi wawili au watatu penye ndoana ndogo, na uwaache waelee na mkondo. Kumbikumbi huyo huyo akihifadhiwa na kutumiwa Julai hatafanya ajabu kama hiyo, kwa kuwa hakuna wenziwe mtoni na samaki hatazami juu kumngoja.

Wakati huo huo maji ya kwanza husomba nyungunyungu kutoka mashamba na mifereji. Kwa hiyo, pale ambapo mfereji wa shamba huingia mtoni, nyungunyungu ni chambo cha hakika. Samaki wamejipanga mdomoni mwa mfereji kama watu walio kwenye foleni ya posho.

Mei mpaka Agosti: maji mengi mekundu. Mto umejaa udongo na jicho limefungwa. Kijiko kinachong'aa hakina kazi tena. Sasa pua na sharubu ndizo zinazotawala, na huu ni msimu wa kambale. Huingia kwenye nyasi zilizofurika ili kuzaa, na hutembea usiku. Mpe chambo chenye harufu: nyungunyungu wengi waliotungwa pamoja, matumbo ya kuku, au kipande cha ini. Wako wavuvi wa Afrika watumiao hata kipande cha sabuni ya mche, na sababu si uchawi. Harufu na mafuta yake huenea majini. Weka chambo chini na ukiache kitulie, maana harufu yahitaji muda kufanya njia yake. Badilisha chambo kilichooshwa na maji hata kikawa cheupe, kwa sababu harufu imekwisha ingawa nyama ingalipo. Lakini angalieni: kingo za mto huteleza wakati huu na mkondo una nguvu. Mtoto asitumwe mtoni peke yake. Hakuna samaki mwenye thamani ya mtu.

Septemba mpaka Novemba: maji yanaanza kutakata. Samaki waliozaliwa wakati wa mvua wamekuwa vitoto vingi kando ya mto, na wakubwa huwawinda. Sasa chambo kinachofanana na samaki mdogo, na kinachotikisika kikivutwa, huamsha jicho na mstari wa ubavuni pamoja. Mvua ikinyesha tena na maji yakawa mekundu kwa siku mbili tatu, rudi kwa nyungunyungu mpaka yatakate. Miezi hii ni mwongozo tu. Rangi ya maji ndiyo hakimu.

WAKATI AMBAPO HAIFAI KUVUA SANA

Kujua msimu ni kama kisu. Kinaweza kusaidia na kinaweza kukata. Kwa wenzetu wa Nzoia ya chini, kuelekea ziwani, samaki aitwaye ningu alikuwa na sifa kubwa. Mafuriko yalipokuja, ningu waliacha ziwa kwa makundi na kupanda mto ili kuzaa. Kila mtu aliijua siku yao. Nyavu za kunasa mashavu ya samaki ziliongezeka, nazo ziliwakamata midomoni mwa mito kabla hawajazaa. Mwaka 1965 mtaalamu D. A. Cadwalladr aliandika juu ya kupungua kwa ningu na juu ya njia za uvuvi za asili za Mto Nzoia zilizodhoofika pamoja nao. Wazee waliokuwa na ustadi wa kutega mitego yao walibaki na ustadi bila samaki.

Basi nasi tusifanye hivyo kwa kambale wetu. Ukimpata jike mwenye tumbo la mayai katika nyasi zilizofurika, ukamrudisha, umepanda shamba la Oktoba. Na wakati wa kiangazi, samaki wanapokusanyika katika vilindi vichache, pasiwe na mtu wa kutia majani ya sumu. Sumu huua wakubwa na wadogo, na watu wa chini na ng'ombe wao hunywa maji hayo hayo. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inakataza sumu na baruti katika uvuvi.

CHAMBO KAMA ZAO LA SHAMBA

Sasa tuje kwa jambo ambalo laweza kumpatia mkulima fedha. Katika Ziwa Viktoria, wavuvi wa mbuta hutumia mishipi mirefu yenye mamia ya ndoana, na kila ndoana huhitaji chambo. Chambo wanachokipenda sana ni kitoto cha kambale kilicho hai. Sababu ni ile ile tuliyoieleza: mbuta mkubwa hula samaki, na hufuata kitu kinachotikisika. Samaki wengine hufa upesi kwenye ndoana na kunyamaza. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, zaidi ya mashavu yake, kwa hiyo huvumilia safari ndefu katika chombo chenye maji kidogo, na kwenye ndoana huendelea kujipindapinda.

Zamani vitoto hivi viliokotwa katika vinamasi wakati wa mvua. Kiangazi vilikosekana, kwa maana kambale wa mwituni hazai bila mafuriko. Lakini katika vituo vya kutotolea samaki, wataalamu wanaweza kumfanya kambale atage kwa kumpiga sindano, bila kungoja mvua. Hivyo wakulima kadhaa wa Magharibi mwa Kenya wamefuga vitoto na kuviuza kwa wavuvi wa ziwani. Anayetaka kujaribu ajue mambo mawili. Kwanza, vitoto vya kambale hulana wenyewe kwa wenyewe. Hapana budi kuvichambua mara kwa mara, wakubwa mbali na wadogo. Pili, atafute mnunuzi kabla hajajaza bwawa, maana kitoto kikipita kiasi cha ndoana si chambo tena.

NA MWENYE BWAWA JE?

Katika miaka ya 1960 Serikali ilihimiza watu kula samaki zaidi, na mabwawa mengi madogo yakachimbwa Nyanza na Magharibi. Tena mwaka 2009 mpango wa kufufua uchumi ulileta mabwawa mapya ya mita 300 za mraba katika sehemu nyingi za nchi. Mengine yamestawi, mengine yamegeuka kuwa vidimbwi vya vyura. Sababu moja ya hasara ni kulisha kwa saa na kipimo kile kile mwaka mzima.

Chekalini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ni baridi. Maji ya bwawa yakishuka chini ya digrii 20, tilapia hupoteza hamu. Chakula unachomtupia huzama, huoza, na huharibu hewa ya majini. Umenunua chakula, nacho kinaua samaki wako. Katika miezi hiyo ngoja jua lipashe maji, kisha tupa kidogo kidogo. Samaki wakipanda juu kwa nguvu, ongeza, wakichelewa, acha.

MASHAURI KWA UFUPI

1. Kabla ya kuchagua chambo, tazama maji. Ukiona vidole vya mguu wako maji yakifika gotini, tumia chambo cha macho. Usipoviona, tumia chambo cha harufu.

2. Uliza ni chakula gani kinachoanguka au kusombwa mtoni juma hili, kisha mpe samaki hicho hicho.

3. Samaki wakila juu, usizamishe chambo. Wakila chini, usikieleze.

4. Usimimine mtoni vitoto vya samaki vilivyobaki ambavyo vimetoka mahali pengine. Waweza kuingiza ugonjwa au samaki asiyetakiwa.

5. Rudisha jike mwenye mayai na samaki wadogo.

6. Kwa habari za leseni, za nyavu na za vitoto vya kufuga, mwone Afisa wa Uvuvi wa kaunti. Kuuliza hakuna malipo.

Mkulima wa Chekalini hapandi mahindi Desemba akalaumu mbegu. Anajua mvua, anajua udongo, na anajua siku. Mto nao ni shamba lenye majira yake. Mwenye kuyasoma atarudi na kitoweo mara nyingi zaidi kuliko mwenye kununua dawa, na mto utakuwa na samaki hata kwa wajukuu wake.